Kampuni ya malipo ikizuia pesa zako za kadi: namna ya kuzidai

Saa kumi na robo jioni, Jumatano ya mwezi Julai. Gari letu liko Karatu na wageni sita, kesho alfajiri linashuka Ngorongoro. Mimi niko ofisini Arusha, nasubiri pesa kutoka kampuni ya malipo iingie benki nilipe control namba (namba ya malipo ya serikali) ya hifadhi. Badala ya pesa ikaingia barua pepe ya mistari minne: akaunti yenu iko kwenye ukaguzi, malipo yamesitishwa kwa muda. Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na dola 11,400 za makundi matatu ya wageni, na makundi mawili kati ya hayo yalikuwa bado hayajafika nchini.

Tuliazima, gari likashuka. Pesa zetu zilianza kutoka wiki ya saba, na siku nyingi kati ya hizo nilizipoteza mwenyewe kwa kutojua niandike nini na nimwandikie nani. Nayaandika haya kwa ajili ya wenye kampuni ndogo za utalii, nyumba za wageni, maduka ya vinyago na kila anayepokea kadi kwa mashine au kwa linki, ili siku yakiwakuta wasianze gizani kama mimi.

Jua kwanza wanaogopa nini

Mgeni akilipa kwa kadi, pesa haitoki mfukoni mwake ikaingia kwako. Inatoka benki iliyompa kadi, inapita mtandao wa Visa au Mastercard, inafika benki inayopokea malipo ya wafanyabiashara, kisha kampuni ya malipo uliyosaini nayo mkataba, ndipo inakuja kwako. Siku mgeni akienda benki yake akasema "huduma hii sikuipata" au "kadi yangu imetumiwa na mtu mwingine", pesa hurudi kwa njia ileile kinyumenyume. Hiyo ndiyo chajibeki. Kama wewe huna kitu au umeshafunga ofisi, hasara inawaangukia hao waliokaa katikati.

Muda wa mgeni kudai kwa kawaida ni siku 120. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo biashara za utalii zinapoumia: kwa huduma inayotolewa baadaye, siku hizo hazihesabiwi tangu alipolipa. Zinahesabiwa tangu siku huduma ilipotakiwa kutolewa, ingawa kwa kanuni za Visa haziwezi kuvuka siku 540 tangu muamala wenyewe. Aliyelipa Januari kwa safari ya mapema Agosti anaweza kufungua madai mpaka Desemba mwanzoni. Chukua siku 120, ongeza wiki za kushughulikia madai, utaona zile siku 180 zilizojaa kwenye mikataba zinatoka wapi.

Ndiyo maana pia kampuni za safari, ambazo kwenye mfumo wa kadi hupewa namba ya aina ya biashara 4722, huangaliwa kwa jicho kali kuliko duka la nguo. Na si huku kwetu tu. Mwaka 2020 korona ilipofunga safari na shughuli, kampuni ya Square ya Marekani ilishikilia asilimia 20 hadi 30 ya mapato ya baadhi ya wafanyabiashara wadogo kwa siku 120, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kupata chajibeki hata moja.

Kwa hiyo anayesoma barua yako hakai akijiuliza kama wewe ni mwizi. Anapiga hesabu: huyu akianguka leo, sisi tutalipa kiasi gani? Kila karatasi unayotuma iwe inaipunguza hesabu hiyo. Nililijua hili kwa kuchelewa na liliniuma sana, kwa sababu barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za kujieleza kwamba sisi ni watu waaminifu, tuna miaka kadhaa kazini, tuna wafanyakazi wenye watoto. Yote kweli tupu, na hakuna hata mstari mmoja waliouhitaji. Kwa siku 16 nilipata majibu ya mashine peke yake.

Hatua ya 1: hifadhi kila kitu siku hiyohiyo

Kabla hujapiga simu, kabla hujalalamika, ingia kwenye akaunti uchukue nakala. Baadhi ya kampuni hufunga hata mlango wa kuingia, na ukishafungwa huna tena namna ya kuthibitisha kulikuwa na kiasi gani. Pakua orodha ya miamala yote ya miezi 12, taarifa za pesa zilizokwisha kutumwa benki, salio linaloonekana leo, na mkataba kama ulivyo leo. Mkataba huu wengi wetu hatuna. Tulibofya "nakubali" mtandaoni siku ya kujisajili na hatukuusoma tena. Uhifadhi na tarehe yake, kwa sababu vifungu hubadilishwa, na utakachobishania ni kile kilichokuwepo pesa zilipozuiliwa.

Hatua ya 2: jua ni zuio la aina gani

Neno "zimezuiliwa" linafunika mambo tofauti, na ukijibu moja kwa dawa ya jingine unazungushwa tu.

La kwanza ni ukaguzi wa nyaraka. Mauzo yamepanda ghafla, au umebadilisha jina la biashara, au leseni waliyonayo imeisha muda. Hili ni jepesi kuliko yote: wape cheti cha usajili cha BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, leseni ya utalii ya TALA kama ni kampuni ya utalii, na kitambulisho cha mkurugenzi. Hakikisha majina yanalingana herufi kwa herufi na jina la akaunti ya benki. Nimeona ndugu mmoja akikaa wiki tatu kwa sababu ya "Ltd" iliyokuwepo kwenye cheti ikakosekana benki.

La pili ni akiba ya dhamana. Hapa wanakata sehemu ya kila malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na kuishikilia kwa kipindi maalumu kisha kuiachia kidogokidogo kadiri siku zinavyotimia. Hii ukishaikubali kwenye mkataba huwezi kusema wameiba. Unachoweza kubishania ni kiwango, muda, na siku ya kuanza kuhesabu.

La tatu ni chajibeki ya muamala mmoja, ambapo kinachotakiwa kushikiliwa ni kiasi cha muamala huo na ada yake. Wakishika salio lote kwa dai moja dogo, uliza kifungu gani kinawaruhusu.

La nne ndilo zito: wamevunja mkataba na wewe na kushikilia kila kitu, mara nyingi kwa siku 180. Hapo kuna swali ambalo lazima ulize kwa maandishi: je, mmetuingiza kwenye MATCH? Hiyo ni orodha ya Mastercard ya wafanyabiashara waliofungiwa, benki huitazama kabla ya kumpokea mteja mpya, na jina hukaa humo miaka 5. Kigezo kimojawapo ni chajibeki za mwezi mmoja kuzidi asilimia 1 ya idadi ya miamala yako ya Mastercard na kufikia dola 5,000 au zaidi. Kwa duka la miamala elfu tano kwa mwezi, hilo ni jambo kubwa. Kwa kampuni yenye miamala 20 kwa mwezi, familia moja iliyoghairi safari inatosha kuifikisha hapo. Kama umeingizwa kimakosa, anayeweza kukutoa ni yuleyule aliyekuingiza, ndiyo sababu hutakiwi kuondoka kwa ugomvi kabla ya kupata jibu.

Kuna pia amri ya mahakama au ya mamlaka ya serikali. Hapo kampuni ya malipo haina uwezo wa kukusaidia hata ikitaka. Tafuta wakili.

Hatua ya 3: andika barua ya ukurasa mmoja

Hii ndiyo iliyobadilisha mambo kwetu. Baada ya zile siku 16 nilikaa na rafiki yangu mhasibu, tukafuta kurasa mbili na kuandika moja. Jibu la binadamu mwenye jina lilikuja siku ya tatu. Kama mkataba wenu ni wa Kiingereza, iandike kwa Kiingereza, ila mpangilio uwe hivi:

"Akaunti namba (…). Tarehe (…) mlisitisha malipo yenye jumla ya dola 11,400. Tunaomba mtujibu kwa maandishi: (1) ni kifungu gani cha mkataba kinachotumika, (2) ni miamala ipi iliyoleta wasiwasi, (3) ni nyaraka zipi mnazohitaji, (4) kila kiasi kitaachiwa tarehe gani. Kati ya jumla hiyo, dola 6,300 ni za huduma iliyokwisha kutolewa kikamilifu, na uthibitisho umeambatishwa. Dola 3,100 ni za safari ya Agosti na dola 2,000 ni za safari ya Septemba. Tunaomba dola 6,300 ziachiwe sasa, na tuko tayari kujadili dhamana kwa kiasi kilichobaki. Tunaomba jibu ifikapo tarehe (…)."

Angalia tulichofanya hapo. Hatukuomba zote. Tuliigawa pesa kufuatana na hatari yake: iliyokwisha fanyiwa kazi tukaiweka upande mmoja, ambayo bado upande mwingine. Mtu wa kitengo cha hatari anaweza kuidhinisha sehemu bila kumwuliza bosi wake, lakini dola 11,400 kwa mkupuo anaogopa kuziwekea saini. Naamini kabisa ndicho kilichotusaidia.

Itume kwa njia rasmi ya malalamiko iliyotajwa kwenye mkataba, na nakala kwa barua pepe. Dai namba ya lalamiko. Ukipiga simu, mara tu ukikata andika barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza leo saa tano asubuhi, umesema kwamba…" Wasipoikana, imekuwa ushahidi.

Hatua ya 4: ushahidi ujibu sababu iliyotajwa

Kila chajibeki ina namba ya sababu. Iombe usipoiona. Kwa Visa, 13.1 maana yake mteja anadai hakupata huduma au bidhaa, 13.3 anasema haikuwa kama ilivyoelezwa, 13.7 anasema alighairi, na 10.4 anasema si yeye aliyelipa na kadi haikuwepo mbele yako. Mastercard huweka malalamiko mengi ya wateja chini ya 4853, na yale ya "si mimi niliyeidhinisha" chini ya 4837.

Kwa dai la "sikupata huduma", tulichotuma sisi kilikuwa hiki: vocha ya loji yenye saini ya mgeni siku ya kuingia, risiti za hifadhi zenye tarehe na idadi ya watu, risiti ya EFD (mashine ya kodi), na ujumbe wa WhatsApp ambao baba wa familia alimwandikia dereva wetu usiku wa siku ya mwisho: asante kwa chui wa Seronera, watoto hawajalala kwa furaha. Ujumbe ule ulikuwa na namba ileile ya simu aliyoijaza kwenye fomu ya kuweka nafasi. Tulizipiga mstari mwekundu namba zote mbili, ukurasa mmoja juu ya mwingine, ili msomaji asitafute.

Anayesema alighairi hajibiwi kwa picha za simba. Anajibiwa kwa sharti la kughairi, na lazima uoneshe kwamba alilikubali kabla ya kulipa: kisanduku alichobofya, fomu aliyosaini, au barua pepe aliyojibu "nimekubali". Sharti lililofichwa chini kabisa ya tovuti halikusaidii. Kama lako liko hivyo, lihamishe leo.

Anayesema si yeye aliyelipa ni kesi nyingine tena. Kama malipo yalipita kwenye uthibitisho wa benki yake, ule wa kutumiwa namba ya siri kwenye simu, kwa kawaida hasara ya madai ya wizi huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Waombe kampuni ya malipo wakutolee kumbukumbu ya uthibitisho huo. Tangu Aprili 2023, Visa pia inakubali ushahidi wa mteja wa zamani: miamala miwili ya nyuma ya kadi hiyohiyo ambayo haikulalamikiwa, yenye umri wa kati ya siku 120 na 365, ikilingana na huu unaobishaniwa kwa alama kama anwani ya intaneti au kifaa kilichotumika. Kwa safari haisaidii sana, wageni wetu wengi huja mara moja. Kwa anayeuza kahawa au vitenge mtandaoni kwa wateja walewale, ni silaha nzuri.

Tarehe ya mwisho ya kujibu iandike ukutani. Mitandao ya kadi huipa benki wiki kadhaa, lakini kampuni ya malipo hukupa wewe pungufu ya hapo, wakati mwingine wiki moja tu. Siku ikipita umeshindwa, hata kama haki ni yako. Na usitume popote picha inayoonesha namba nzima ya kadi ya mgeni. Namba 4 za mwisho zinatosha.

Mambo yanayoharibu kesi

Usimrudishie mgeni pesa kwa benki au kwa simu wakati chajibeki imeshafunguliwa. Benki yake inaweza kumrudishia tena, na wewe ukawa umelipa mara mbili. Mkikubaliana, kwanza aifute yeye kwenye benki yake na akuletee uthibitisho wa maandishi, au uikubali chajibeki yenyewe iishe.

Usipitishe malipo kwenye mashine ya jirani au akaunti ya mke wako ili biashara iendelee. Najua shinikizo lilivyo, mishahara haisubiri. Lakini kupitisha mauzo yako kwenye akaunti ya mtu mwingine ni kosa kubwa kwenye kanuni za kadi, na unamponza na yeye. Wageni wapya waelekeze kulipa kwa uhamisho wa benki kwenye akaunti ya kampuni, kwa ankara yenye jina lilelile.

Usitengeneze hata karatasi moja. Vocha moja yenye tarehe iliyobadilishwa ikigundulika, za kweli zote zinapoteza thamani.

Na usiwaambie wageni ambao hawajafika kwamba "kampuni ya malipo imetuibia". Wakiogopa watakimbilia benki zao, na utakuwa umejizalishia chajibeki ulizokuwa unaziogopa. Waambie ukweli wa kile kinachowahusu: safari yao ipo, vyumba vimeshikwa. Kama huna uhakika wa kuwahudumia, warudishie mapema.

Hatua ya 5: wasipojibu, panda ngazi

Soma kwenye mkataba ni benki ipi inayopokea malipo nyuma ya kampuni hiyo. Mara nyingi jina lake limo. Iandikie pia, kwa utulivu, ukiambatisha barua yako na namba ya lalamiko. Benki hazipendi kuona wafanyabiashara wakigongana na mawakala wao bila majibu.

Kisha kuna msimamizi. Tanzania, watoa huduma za malipo wanapewa leseni na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na kuna Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za 2019. Benki Kuu hupokea malalamiko, lakini itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Ndiyo sababu nimesisitiza namba ya lalamiko. Kenya, Benki Kuu yao inasimamia kampuni hizi kwa sheria ya mwaka 2011, na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60.

Kampuni ikiwa na leseni ya nje, msimamizi wake ni wa huko. Iliyosajiliwa Uingereza, kwa mfano, inapaswa kujibu lalamiko la huduma za malipo ndani ya siku 15 za kazi, na biashara ndogo inaweza kupeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, chombo cha huko cha kusuluhisha malalamiko ya fedha, bila kulipa ada. Kabla ya kwenda mahakamani popote, soma kifungu cha usuluhishi. Mikataba mingi inataka mgogoro usikilizwe nje, na kwa dola elfu tatu nauli peke yake inazimaliza.

Pesa zikianza kutoka

Wiki ya saba walituachia dola 5,670, yaani zile 6,300 pungufu ya asilimia 10 waliyoibakiza kama dhamana. Za makundi mengine mawili zilitoka kila safari ilipokamilika, kwa makato hayohayo. Kwa muda sikuangalia makato, nilikuwa na furaha tu. Rafiki yangu mhasibu ndiye aliyeniuliza: siku 180 zinahesabiwa tangu lini, tangu mgeni alipolipa au tangu walipowaachia? Mkataba haukusema wazi. Tukauliza, wakajibu kwa maandishi kwamba ni tangu siku ya kuachia.

Fungua daftari la dhamana peke yake: kiasi, siku kilipokatwa, siku kinapotakiwa kutoka, siku kilipotoka. Mfumo wao haukukumbushi. Dola 630 zetu za kundi la kwanza zilitakiwa kuingia mwanzoni mwa Machi. Wiki mbili zikapita kimya. Niliandika mistari mitatu, nikataja kifungu, tarehe na barua yao wenyewe, na siku nne baadaye zikawa benki.